Maiti Aliyeomba Supu ya Vitunguu

Siku mji wetu wa Vernada ulipomchagua Padre Viventi awe askofu, ilibidi tumtoe ndani ya pipa.

Hakuna aliyeshangaa. Mtu akishaitwa na watu aketi kwenye kile kiti, desturi inamtaka akimbie, ajifiche, alie kwamba hastahili, mpaka wamkamate wambebe kwa nguvu. Asiyekimbia huonekana ana uchu. Wengine hukimbilia msituni wakalala huko na nguruwe mwitu. Padre Viventi mguu ulikuwa unamuuma na msitu uko mbali, basi akachagua pipa tupu la divai nyuma ya jiko la askofu, mahali ambapo hata kipofu angempata. Aliingia nusu, nusu ya pili ikakataa. Tulimkuta makalio yako nje, anasali zaburi kutoka ndani.

"Padre, toka sasa," nikamwambia. "Umejificha vya kutosha."

"Sistahili," likajibu pipa.

"Tunajua. Toka."

Pipa likatikisika. Kisha, kwa sauti ya chini: "Pasko, nimenasa."

Tukamvuta kwa miguu, wanaume na wanawake, watu wanacheka na kulia kwa pamoja, tukambeba hadi kanisani tukamkalisha kwenye kiti. Nilikuwa nimeushika mguu wake mbovu. Kama mtu angeniuliza saa ile, ningemwambia kwamba mimi na mama yangu tumepona.

Nieleze tulikuwa tumepona nini. Mama yangu, Auriana, alikuwa mtumwa wa kanisa, mfuaji wa nguo za askofu, na mimi nilizaliwa humohumo. Askofu wetu mzee, Eparki, alipougua tumbo mwaka ule wa njaa, mama ndiye aliyemuuguza mpaka akasimama. Alipopona akamshika mkono mbele ya madhabahu, na mimi nimening'inia kwenye sketi yake, akatuacha huru. Kwa sababu ya uhuru huo nikaingia shule ya askofu, nikajua kusoma, nikapewa kazi ya msomaji kanisani, kazi ambayo mtumwa haruhusiwi hata kuigusa.

Lakini sheria ya kanisa ina mlango wa nyuma. Mtumwa wa kanisa si mali ya askofu. Askofu akimwacha huru, sharti atoe chake mwenyewe kujaza pengo, shamba au mtumwa mwingine, na Eparki hakuwa na chake. Urithi wote wa baba yake ulikuwa umekwenda kwa maskini na kwa kukomboa mateka. Pengo halikujazwa. Kwa hiyo uhuru wetu uliishi ndani ya pumzi ya mzee yule. Siku akifa, askofu mpya anaweza kusema hawa warudi walikotoka, na hakuna wa kumbishia. Anaweza pia kunyamaza tu. Viventi alimwapia mama kwamba akiwa yeye, atanyamaza.

Sasa mzee alikuwa anakufa, na mfalme naye alikuwa na mtu wake. Mtu huyo aliitwa Chramulf, mkuu wa mazizi ya mfalme, bwana mmoja mrefu mwenye harufu ya farasi, ambaye hajawahi kuwa hata mshika mishumaa. Kwa sheria, mji unachagua kwanza, mfalme anakubali baadaye, kisha askofu mkuu na maaskofu wenzake wawili wanamwekea mikono aliyechaguliwa. Mfalme alikuwa ameigeuza nguo hiyo ndani nje. Alikuwa amekubali kwanza. Asubuhi moja mvushaji wa kivuko akaja anahema: Chramulf na askari wake wako ng'ambo, wanangoja farasi wao wavushwe.

Kila mtu alilielewa hilo. Akiingia kabla hatujachagua, askari watajipanga kanisani, na mji utaona anastahili yule mtu ambaye askari wanaona anastahili.

Mama alikuwa chumbani kwa mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu juzi. Alimwekea unyoya wa bata chini ya pua, ndivyo tunavyopima pumzi kwetu. Anasema haukutikisika. Mimi namwamini. Najua pia jinsi anavyoona mtu ambaye amesikia farasi wanavushwa mtoni. Alitoka uani, akajifuta mikono kwenye aproni, na kwa ile sauti yake ambayo wavushaji huisikia kutoka ng'ambo, akapiga ukelele:

"Baba Eparki amelala. Viventi anastahili!"

Uani palijaa watu. Anastahili, wakaitika, na ilikuwa kama paa limeanguka. Padre Viventi akakimbilia pipani.

Tulipokwisha kumkalisha kitini, mimi na mama tukarudi chumbani kumwosha marehemu. Mama alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akamwekea usoni. Marehemu akafungua jicho moja.

"Moto mno," akasema.

Mama hakupiga kelele. Alibaki amekishika kile kitambaa, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Auriana, huko nje kuna nini?"

"Watu wanaimba, baba."

"Wanamwimbia nani?"

Mama akanitazama mimi. Mimi ndiye mwenye mdomo, nyumbani kwetu. "Wanakuimbia wewe, baba askofu," nikasema, na kwa namna fulani haikuwa uongo.

"Vizuri," akasema. "Niletee supu ya vitunguu."

Nikamwita Viventi. Aliingia bado ana utando wa buibui kichwani, akamkuta askofu ameinuliwa kwenye mito, mama anamlisha kwa kijiko. Akakaa chini sakafuni palepale.

"Baba, uko hai."

"Ulitaka niweje?" mzee akamuuliza, na supu ikamtoka pembeni mwa mdomo.

Sheria ile sote watatu tuliijua. Mimi nimeisoma kwa sauti kanisani zaidi ya mara moja, na mama amenisikia. Mtu asiwekwe kwenye kiti cha askofu aliye hai. Akiwekwa, kuwekwa kwake si kitu, na yeye mwenyewe hatakuwa askofu wa mji huo kamwe, hata yule wa kwanza akishakufa. Waliitunga kwa ajili ya wale wanaowasukuma wazee kaburini. Walioitunga hawakufikiria pipa wala unyoya.

Viventi alisema lazima atoke awaambie watu. Mama akamzuia mlangoni. Alimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo kabisa, kwamba mzee amekwisha, hii supu ni ya kuagia, jioni hafiki. Akitoka kusema, Chramulf atakuwa askofu, na yeye Auriana atakuwa kitu cha kuhesabiwa pamoja na mbuzi. Viventi amebakiza nini kufanya ila kusimama hapo na kutosema chochote? Hata kudanganya hatadanganya. Viventi akasimama. Akaegemea ukuta, macho ameyafumba, midomo inatembea.

Ndipo tukasikia kwato uani. Chramulf hakuwa mtu wa kelele. Aligonga mlango kwa adabu, akasema amesikia msiba, angependa kumuaga marehemu.

"Bado hajaoshwa," mama akamjibu kupitia mlangoni.

"Nitangoja."

Mzee akameza kijiko kingine. "Nani huyo?" akauliza, na mama akamziba mdomo kwa kiganja chake, taratibu, kama unavyomziba mtoto wakati wa mahubiri.

"Mgeni, baba. Amekuja kukuona."

"Mwambie angoje," akasema mzee kupitia vidole vyake. "Ninakula."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nikauma mkono wa kanzu yangu nikacheka mpaka machozi yakatoka, na Viventi akafumbua macho akanitazama kama mtu anayezama anavyomtazama mtu aliye ukingoni.

Mama alisema kweli. Jua lilipoinamia ukuta wa mji, mzee akamshika mkono, akasema supu ilikosa chumvi, akafa. Safari hii hatukutumia unyoya. Mama akalia, na kwa kulia akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aliposhika nguo ya kwanza mtoni: aliacha doa. Alimwosha mwili mzima, akamvika joho jeupe, akasahau kumfuta ndevu.

Tukafungua. Chramulf akaingia, akapiga magoti, akaushika mkono wa marehemu kuubusu. Alibusu. Kisha hakuuachia. Akaukunja kwenye kiwiko, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nimezika farasi wengi," akasema, bila kumtazama mtu. "Aliyekufa alfajiri, jioni mguu wake ni ubao. Huyu mkono wake bado ni laini." Akainama juu ya zile ndevu, akavuta pumzi. "Na huyu marehemu wenu amekula vitunguu."

Askofu mkuu alifika na maaskofu wawili wa miji jirani, kumzika mzee na kumwekea mikono askofu mpya. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, tungekuwa na wa kumchukia. Alizika vizuri, alilia kweli, kisha akaketi kanisani na kusema kuna swali limeletwa mbele yake: Je, Eparki alikuwa hai au amekufa wakati watu walipoita jina la Viventi? Kama alikuwa amekufa, Viventi ni askofu, na yeye atamwandikia mfalme hivyo bila kuogopa. Naamini angeandika. Aliyekuwa chumbani ni mfuaji Auriana. Basi Auriana aape juu ya mifupa ya shahidi Leonti.

Kwetu hakuna anayecheza na Leonti. Babu mmoja aliapa uongo hapo kuhusu mpaka wa shamba, mkono ukamkauka hadi begani, wajukuu zake wanaitwa wa Mkono hadi leo. Jioni kabla ya kiapo nilimkuta mama mlangoni amekaa, anaitazama mikono yake ya kufulia, ile myekundu iliyopasuka.

"Utasemaje, mama?"

"Nitasema alikuwa amekufa."

"Na Leonti?"

"Mkono wa kulia ukikauka," akasema, "nitafua kwa wa kushoto."

Nikamwambia basi angalau nusu ya nguo zitatakata. Akanipiga kofi la mgongo, akatabasamu. Hilo ndilo tabasamu lake la mwisho ninalolikumbuka.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya makaburi ya matajiri. Mifupa ililetwa katika sanduku lake la fedha. Mama akatembea mpaka mbele, akaweka juu yake mkono wa kushoto. Askofu mkuu akamwambia kwa upole kwamba ni wa kulia. Akabadilisha, akavuta pumzi.

"Alikuwa hai," akasema Viventi.

Alikuwa amesimama kwenye nguzo, uso mweupe kama unga.

"Nilimwona kwa macho yangu akila. Nilijua na nikanyamaza. Mama huyu asiape. Sitaki kiti kilichonunuliwa kwa roho yake."

Mama bado mkono wake uko juu ya sanduku. Akageuza kichwa, akamtazama yule mtu mwema kuliko wote tuliowahi kuwafahamu.

"Padre," akamwambia, "nani alikuomba?"

Askofu mkuu akainamisha kichwa. Halafu akataka kifungu cha sheria kisomwe, ili watu wote wasikie si yeye anayehukumu. Msomaji wa kanisa ni nani? Ni mimi. Nikapewa kitabu. Nilisimama pale pa juu, sauti yangu ni ya mama yangu, inafika mlangoni bila taabu, nikasoma kwamba mtu asiwekwe kwenye kiti cha askofu aliye hai, na akiwekwa hatakuwa askofu kamwe. Nilisoma vizuri. Sikukosea hata neno.

Kisha, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikauliza kama tunaweza kufungua ukurasa wa mbele yake. Pale sheria inasema mtu wa kawaida asifanywe askofu mpaka awe amekaa mwaka mzima katika daraja za chini za kanisa. Chramulf alitazama kucha zake. Askofu mkuu akasema mfalme ameomba hicho kilegezwe kwa safari hii, na kwamba kitabu kifungwe. Nikakifunga.

Viventi aliondoka siku hiyohiyo, kwenda kwa watawa juu ya mto, kwa miguu, na ule mguu wake. Chramulf alinyolewa utosi kama watu wa kanisa. Kabla juma halijaisha alikuwa amepitishwa kwenye daraja zote mpaka upadre, anarukishwa kama mtoto anayevushwa madimbwi.

Ilibaki Jumapili, na Jumapili ilikuwa na kitu chetu kimoja. Kabla ya kuwekewa mikono, askofu mkuu huwauliza watu mara tatu kama mtu huyu anastahili. Wasipoitika, haweki mikono. Mfalme aagize, asiagize, haweki. Na huyu wetu, nimesema, hakuwa mtu mbaya. Neno likapita mji mzima, jikoni, kwenye kinu, kwenye kivuko: tunyamaze. Askari hawawezi kumchoma mtu mkuki kwa kutosema kitu. Tulikuwa hatujawahi kuwa na mpango rahisi kama huo. Wajinga, wavivu, wenye kikohozi, wote waliuweza.

Lakini Jumamosi msimamizi wa Chramulf alipita kwetu. Aliketi kwenye kigoda chetu, akasifia usafi wa nyumba. Alisema bwana wake hana kinyongo na mtu. Alisema kuna jambo la wale walioachwa huru, litaamuliwa baada ya kuwekwa kwake, na kwamba bwana wake atakumbuka nani alifungua mdomo na nani aliufunga. Akaaga. Mama hakuniambia anafikiri nini, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza.

"Anastahili?" akauliza askofu mkuu.

Kimya. Ulisikia njiwa kwenye boriti.

"Anastahili?"

Kimya kikawa kizito zaidi. Watu walianza kutazamana kwa pembe za macho, na nyuso zilianza kufunguka, hata mvushaji wa kivuko akatoa meno. Niliona askofu mkuu mwenyewe mabega yakimshuka, kama mtu anayetuliwa mzigo. Niko tayari kuapa, kwa mkono wa kulia, kwamba aliuliza mara ya tatu taratibu makusudi, ili atupe nafasi ya kuendelea kunyamaza.

"Anastahili?"

"Anastahili!"

Sauti moja. Hakukuwa na haja ya kugeuka kuona ni ya nani. Ndiyo ile iliyotoka uani siku ya unyoya, inapita kanisa zima na kutoka nje hadi mtoni. Halafu nyingine, ya mmoja wa walioachwa huru pamoja nasi. Halafu tano, halafu zote, kwa sababu hakuna anayetaka kukumbukwa peke yake kwa kufunga mdomo.

Askofu Chramulf alianza na walioachwa huru kabla mafuta hayajamkauka kichwani. Tulipangwa uani, pale palepale. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama.

"Wewe ndiye uliyeitika," akamwambia.

"Ndimi, baba askofu."

"Nilikusikia." Alikuwa anazungumza kwa upole, kama anavyozungumza na farasi kabla ya kumtia hatamu. "Sauti kama hiyo ina nguvu ya ng'ombe wawili. Itakuwa dhambi kulipotezea kanisa. Rudi kufua."

Wengine wote wakamfuata, walioitika na waliochelewa kuitika. Mimi nilivuliwa joho la msomaji kwa mikono ya mtu niliyemfundisha herufi. Naye alilia, nikamwambia asinilowanishie joho, maana mama ndiye atakayelifua.

Sasa niko mazizini. Askofu wetu amekuja na farasi wengi, na ukiwasema mabaya hawakusingizii. Lile pipa la Padre Viventi tumelikata nusu, ndilo la kuwanyweshea. Juzi alipita mtawa kutoka juu ya mto, akaleta salamu: Viventi anatuombea usiku na mchana. Nikamwambia mama labda aombe akiwa pipani, mwangwi utamsaidia. Hakucheka. Nimejaribu vichekesho vyote ninavyovijua.

Anafua mahali pake pa zamani, karibu na kivuko. Watu wa mji wakienda kuteka maji hupita upande wa pili wa njia. Wavushaji wakiwa ng'ambo humwita, wanamtania, Auriana hebu tupigie ukelele mmoja. Hajibu. Nadhani sauti yenyewe imekwenda; nyumbani hunong'ona tu.

Jana nilikwenda kumsaidia kubeba nguo zilizolowa. Alikuwa ameshika joho la askofu, analisugua mahali ambapo hapakuwa na doa.

"Haukutikisika," akaniambia.

"Najua, mama."

"Pasko, niliushika hapa, chini ya pua kabisa. Haukutikisika."

Nikamshikia upande wa pili wa lile joho, tukalikamua.